Breki inayojifunga yenyewe: inamlinda nani, na saa ngapi?

Tarehe 29 Aprili 2024, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitangaza kanuni inayotaka kila gari dogo jipya liwe na breki ya dharura inayojifunga yenyewe, na ikawapa watengenezaji hadi Septemba 2029 kuitimiza. Habari nyingi zilizoandikwa zilihusu gari kumgonga mwenzake kwa nyuma. Lakini ndani ya kanuni hiyo kuna sharti ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: gari liweze kumtambua mtu anayekwenda kwa miguu, mchana na usiku, na lifunge breki hata kama dereva hajashtuka. NHTSA ilikadiria kwamba kanuni nzima itaokoa maisha ya watu wasiopungua 360 kwa mwaka na kuepusha majeruhi 24,000. Januari 2025 umoja wa watengenezaji magari ukaifungulia kesi.

Ugomvi huo unatuhusu. Magari mengi yanayopita Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na kadiri miaka inavyosonga ndivyo yanavyozidi kushuka bandarini yakiwa na kamera nyuma ya kioo cha mbele na rada nyuma ya nembo. Tumeinunua mitambo hiyo bila kuiulizia. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 1.19 vya barabarani duniani kwa mwaka 2021, asilimia 23 vikiwa vya waenda kwa miguu, na kanda ya Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa kuliko zote, takriban vifo 19 kwa kila watu 100,000. Kama kuna mahali ambapo gari lenye macho lingepaswa kuwa habari kubwa, ni huku kwetu.

Msimamo wangu nautaja mapema. Breki hii inafanya kazi, na natamani iwe kwenye kila gari. Ila inafanya kazi vizuri zaidi mchana, kwa mwendo wa wastani, kwenye barabara iliyonyooka, yaani katika hali ambayo mwenda kwa miguu tayari ana nafasi nzuri ya kuonwa na dereva. Pale anapouawa hasa, gizani na kwenye mwendo mkali, msaada wake unapungua sana. Anayeipima kwa wastani wa jumla atapata jibu zuri na bado asijue kinachomuua mtu.

Tuanze na upande wa wanaoitetea, kwa sababu hoja yao ina nguvu kuliko inavyodhaniwa na wanaoiona breki hii kuwa madoido ya magari ya kifahari.

Dereva wa kawaida anahitaji takriban sekunde moja na nusu tangu aione hatari mpaka mguu ukanyage breki. Akiwa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, gari linakuwa limeshakula zaidi ya mita 16 kabla halijaanza kupunguza chochote, kisha linahitaji mita nyingine 8 hivi kusimama, hapo tukichukulia lami kavu na matairi mazima. Kompyuta haina mguu wa kuhamisha kutoka kwenye mafuta. Kamera inatafuta umbo la mtu, rada inapima umbali na kasi ya kukaribiana, na programu inapiga hesabu ya muda uliobaki kabla ya kugongana. Tukiipa nusu sekunde nzima ya kuamua, inakuwa imeokoa mita 11. Mtoto aliyeteremka kwenye daladala akakatiza mbele yake bila kuchungulia anaweza kuishi au kufa ndani ya mita hizo 11.

Na si lazima gari lisimame kabisa ndipo faida ionekane. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya kufa kwa mwenda kwa miguu aliyegongwa na uso wa gari hupanda mara 4.5 mwendo wa kugonga unapotoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Mtambo ukifanikiwa kupunguza hizo kilomita 15 tu za mwisho, huenda mtu akavunjika mguu badala ya kuzikwa. Dereva mwenyewe anaweza asijue kama breki ilimtangulia.

Ushahidi wa barabarani upo pia. Mwaka 2022 IIHS, taasisi ya utafiti ya Marekani inayogharimiwa na kampuni za bima, ilichapisha uchambuzi wa Jessica Cicchino uliolinganisha ajali halisi za magari yenye breki inayotambua watu na yale yasiyo nayo. Magari yenye mtambo yaligonga waenda kwa miguu kwa kiwango kidogo kwa asilimia 27, na ajali zenye majeruhi zilipungua kwa asilimia 30. Ni vifaa vichache mno ndani ya gari ambavyo vinaweza kuonyesha mafanikio ya kiasi hicho kwa mtu aliye nje ya gari. Mkanda na mifuko ya hewa vinamlinda aliyekaa ndani. Hiki kinamlinda yule asiye na hata bati la kumkinga.

Sasa tuufungue huo wastani.

Cicchino alipogawa ajali kwa mwanga, mchana upungufu ulikuwa asilimia 32. Usiku penye taa za barabarani, asilimia 33. Usiku pasipo taa, hapakuwa na tofauti yoyote ya kuaminika kati ya gari lenye mtambo na lisilo nao. Alipogawa kwa mwendo, barabara zenye kikomo cha maili 50 kwa saa na zaidi, yaani kilomita 80, hazikuonyesha faida. Gari lilipokuwa likikata kona, vilevile hapakuwa na faida.

Ukiyaweka hayo kando ya takwimu za vifo vya Marekani, moyo unashtuka. Takribani robo tatu ya waenda kwa miguu wanaouawa nchini humo hufa gizani. Idadi yao kwa jumla ilikuwa karibu 4,100 mwaka 2009, na mwaka 2022 ikapita 7,500, miaka ileile ambayo breki hizi zilikuwa zinaenea. Sitasema kwamba breki ndiyo imeshindwa, maana hilo lingekuwa kuionea. Magari ya zamani hayaondoki barabarani kwa siku moja, na mengi ya yaliyogonga hayakuwa na mtambo wowote. Pia ahadi ya hiari waliyoitoa watengenezaji 20 mwaka 2016, kwamba breki inayojifunga ingekuwa ya kawaida kufikia Septemba 2022, haikudai itambue watu. Ilitosha itambue gari la mbele. Hapo naona kosa lililofanywa kwa macho makavu: kampuni zilipoambiwa zichague pa kuanzia, zilianza na kulinda mabampa.

Magari yenyewe nayo yamepanda juu. Utafiti mwingine wa IIHS, wa mwaka 2023, uliona kwamba gari lenye boneti iliyo juu ya inchi 40, yaani zaidi ya mita moja, lina uwezekano mkubwa kwa takriban asilimia 45 wa kumuua mwenda kwa miguu linapomgonga kuliko gari lenye boneti ya chini iliyoinama. Kwa hiyo nchi inaweza kuwa inaongeza kompyuta za kuokoa watu huku ikinyanyua chuma kinachowaua, na matokeo ya mwisho yakawa mabaya. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya Land Cruiser akaona boneti inamfika kifuani anaelewa bila kuonyeshwa jedwali.

Kwa nini giza linaushinda mtambo? Rada haihitaji mwanga, lakini mwili wa binadamu haurudishi mawimbi ya rada kwa nguvu kama chuma kinavyorudisha, na pembeni mwa barabara kuna vitu vingi vinavyorudisha mwangwi hafifu. Kwa hiyo magari mengi yanaitegemea kamera iseme kwamba kile kilichopo ni mtu, na kamera inahitaji mwanga. Taa za chini za gari humulika mita 40 hadi 60 hivi. Kwenye kilomita 80 kwa saa, gari linahitaji zaidi ya mita 30 kusimama kuanzia pale breki zinapobana kikamilifu, na kabla ya hapo programu lazima iwe imeona, imetambua na imeamua kwamba haikosei. Hesabu inabana mno, na mtu aliyevaa nguo nyeusi huanza kuonekana akiwa karibu zaidi ya hapo.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Mwaka huohuo wa 2022 IIHS ilianza kupima magari usiku. Kati ya magari 23 ya kwanza, manne tu yalipata alama ya juu kabisa, na zaidi ya nusu yaliishia alama ya chini au hayakupata kitu. Toyota Camry ilikuwa mojawapo ya hayo manne, na hilo si gari la ndoto. Kwa hiyo watengenezaji wanaposema mahakamani kwamba kanuni inadai mambo yasiyowezekana kwa teknolojia iliyopo, sehemu ya dai hilo linalohusu usiku mimi sikubaliani nayo. Tofauti kati ya gari na gari ni kubwa kiasi kwamba tatizo haliwezi kuwa fizikia peke yake. Mwenye kipimo cha kutimiza hutimiza, na asiyepimwa hujiachia.

Kuna jaribio moja ambalo limenikaa kichwani kuliko yote. Januari 2025 IIHS ilitoa matokeo ya kupima magari matatu usiku, Honda CR-V, Mazda CX-5 na Subaru Forester, kwa kutumia sanamu ya mtu inayovuka barabara, gari likija kwa kilomita 40 kwa saa. Sanamu ilivalishwa nguo nyeusi, kisha koti lenye kurudisha mwanga, kisha vipande vya riflekta kwenye viungo kama vile vinavyovaliwa na wafanyakazi wa barabarani. CR-V iliigonga sanamu katika asilimia 84 ya majaribio, CX-5 katika asilimia 88. Forester iliiepuka katika majaribio yote isipokuwa moja. Jambo la kuumiza ni kwamba vipande vya riflekta, ambavyo vinamsaidia sana dereva kuona, viliyafanya magari mawili ya kwanza yazidi kupotea. Mwanga mkali unaorudi unavunja umbo la mtu, na kamera iliyofundishwa kutafuta umbo inakosa cha kushika.

Fikiria wanaofagia barabara zetu alfajiri kabla jua halijatoka, askari wa usalama barabarani, na wale bodaboda wanaolazimishwa kuvaa vizibao vyenye riflekta. Ni watu waliofanya kila walichoambiwa. Sisemi wavue, hasha, kwa sababu gari nyingi zinazowapita bado zinaongozwa na macho ya binadamu, na kwa macho ya binadamu kizibao ni kinga kubwa. Nasema kwamba kampuni inayouza mtambo wa kuwatambua watu haikupaswa kuuachia sokoni kabla ya kuujaribu kwa mtu aliyevaa nguo ya kazi ya barabarani.

Upungufu wa namna hiyo unaonekana pia kwa watoto. Watafiti waliomjumuisha Jie Zhang wa King's College London walijaribu programu nane za kutambua watu, zile zinazotumiwa na watafiti, na wakakuta kwamba zinawakosa watoto zaidi ya watu wazima kwa karibu asilimia 20. Tofauti ya rangi ya ngozi nayo ilijitokeza pale mwanga ulipofifia: wenye ngozi nyeusi walikosekana zaidi. Ni haki kusema kwamba programu hizo si zilezile zilizofungwa kwenye magari ya madukani, kwa kuwa kampuni huzificha zao. Lakini ufichaji huo ndio unaonipa wasiwasi. Mtoto wa Kiafrika anayevuka barabara saa moja jioni yumo katika makundi yote mawili kwa wakati mmoja, na hakuna namba ya hadharani inayosema gari fulani linamwona kwa kiasi gani.

Halafu kuna suala la mahali watu wanapovukia. Machi 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber, aina ya Volvo, lililokuwa likijiendesha lilimuua mwanamke aliyekuwa anavuka usiku akiikokota baiskeli, mbali na kivuko. Bodi ya taifa ya uchunguzi wa ajali, NTSB, ilikuta kwamba vihisi vilimgundua sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, muda wa kutosha kabisa. Programu ikawa inabadilisha mawazo: ni gari, ni kitu kingine, ni baiskeli. Haikuwa imeundwa kuzingatia kwamba mtu anaweza kuwa barabarani pasipo na kivuko. Breki ya dharura ya Volvo yenyewe ilikuwa imezimwa wakati mtambo wa Uber unaendesha. Lile lilikuwa gari la majaribio, na breki ya kawaida ya dharura ni kitu rahisi zaidi kuliko mtambo ule, kwa hiyo siitumii kesi hiyo kuwahukumu wote. Ninachokichukua ni kwamba kila programu ina picha ya barabara ndani yake, na picha hiyo imechorwa na watu wanaoishi mahali fulani. Kwenye barabara kuu ya Morogoro, au ile ya Nairobi kwenda Nakuru inapopita katikati ya masoko, kuvuka pasipo na kivuko ndiyo hali ya kawaida, kwa sababu kivuko kinachofuata kiko mbali au hakipo.

Sasa tuje kwenye magari tuliyonayo, maana hapa ndipo mjadala wa Washington unapogeuka kuwa jambo la gereji.

Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limezidi miaka 8, kwa hiyo linaloingia Mombasa mwaka 2026 lazima liwe limesajiliwa 2019 au baada ya hapo. Japani yenyewe ilifanya breki hii kuwa ya lazima kwa aina mpya za magari ya ndani kuanzia Novemba 2021, lakini watengenezaji walikuwa wameanza kuiweka miaka kadhaa nyuma. Toyota ilizindua kifurushi chake cha Safety Sense mwaka 2015, na kilikuja kwa namna mbili. Kile cha magari makubwa zaidi, kilichoitwa P, kilikuwa na rada na kamera, na kiliwatambua watu. Kile cha magari madogo, kilichoitwa C, kilikuwa na leza na kamera, na kilipotoka hakikuwatambua watu. Kiliona magari tu.

Magari madogo ya miaka hiyo ni yapi? Ni Vitz, Axio, Fielder, yaani ndiyo teksi zetu na magari ya familia zetu. Mtu ananunua Vitz ya 2016, anaona kijisanduku cheusi juu ya kioo cha mbele, muuzaji anamwambia bosi hii ina breki ya kujifunga yenyewe, na anaondoka akiamini gari litamwokoa mtoto wa jirani. Halitamwona. Muuzaji hakusema uongo, ila neno breki ya dharura linabeba vitu viwili tofauti, na anayegharimika kwa mkanganyiko huo hayupo kwenye mauziano.

Hata gari lenye mtambo kamili halibaki nao salama kwa muda mrefu. Kamera imefungwa nyuma ya kioo kwa pembe iliyopimwa kiwandani. Kioo kikipasuka kwa jiwe, na kwenye barabara zetu kinapasuka, fundi ataweka kingine kwa siku moja na kazi yake itaonekana safi. Lakini maelekezo ya watengenezaji yanataka kamera ipimwe upya baada ya kubadilisha kioo, kwa ubao maalumu na kompyuta, kwa sababu mkengeuko mdogo pale juu huwa mita nzima kule mbele. Gereji ngapi za mtaani zina ubao huo? Kuna wanaobandika stika za bima na za ukaguzi mbele ya kamera bila kujua. Kuna wanaofunga vyuma vya kinga mbele ya bampa, palepale ambapo rada inatazamia. Wengine hung'oa nembo ya Toyota iliyokwaruzika na kuweka ya dukani, wakati ile ya awali ilikuwa kifuniko cha rada kilichotengenezwa kwa plastiki inayopitisha mawimbi. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, maandishi ni ya Kijapani, na dereva huzoea kuiona kama alivyozoea taa nyingine.

Wapo wanaosema heri mtambo ufe tu, kuliko kufunga breki ghafla bila sababu na kukufanya ugongwe na lori la nyuma. Hofu hiyo ina msingi. Breki za uongo zimelalamikiwa sana hata Marekani na NHTSA imezichunguza. Ukichukua programu iliyofunzwa kwa foleni za Nagoya ukaipitisha Kariakoo, katikati ya mikokoteni, bajaji zinazochomeka na watu wanaopita sentimita chache mbele ya bampa, itapiga kelele mfululizo, na dereva atatafuta kitufe cha kuizima. Sioni ubaya kwa dereva huyo akiizima sokoni. Ubaya ni kuisahau ikiwa imezimwa anapotoka mjini. Magari mengi huiwasha tena yenyewe injini inapowashwa upya, na huo ni uamuzi mzuri wa watengenezaji ambao nauunga mkono.

Hoja nyingine ni uvivu wa dereva: akijua gari linajifungia breki, ataangalia simu. Sikatai kwamba wapo. Ila asilimia 27 ya Cicchino imetoka kwenye ajali halisi zenye madereva halisi, pamoja na wavivu wao, na bado faida ilibaki. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kwetu, ambako dereva anaweza kuuamini mtambo ambao kwake haufanyi kazi kabisa.

Kuhusu gharama sitakaa sana. NHTSA ilikadiria nyongeza ya dola 23 kwa gari, kwa sababu vihisi vingi tayari vimo na kinachohitajika zaidi ni programu bora. Watengenezaji wanasema ni nyingi zaidi. Hata ikiwa mara kumi, bado haizidi bei ya matairi manne mazuri.

Swali la gharama lililo gumu ni jingine: fedha na juhudi za umma ziende wapi. Dar es Salaam ina jibu moja lililopimwa. Shirika la Amend, kupitia mpango wake wa SARSAI, lilikwenda kwenye shule za msingi ambako watoto walikuwa wanagongwa sana, likatembea njia wanazopita, kisha likajenga matuta, njia za miguu, vivuko na nguzo za kuzuia magari kupanda pembeni. Utafiti uliolinganisha shule hizo na nyingine ulionyesha majeruhi wamepungua kwa takriban asilimia 26, na mwaka 2019 mpango huo ukashinda tuzo ya Ross ya World Resources Institute. Asilimia 26 kwa saruji na rangi, asilimia 27 kwa kamera na rada. Vipimo hivyo viwili havifanani kwa namna ya kupimwa na sitaki kuvishindanisha kama timu za mpira. Lakini tuta linapunguza mwendo wa kila gari linalopita, la mwaka 1998 na la mwaka 2024, lori na bodaboda, kioo kizima au kilichopasuka, na saa mbili usiku linafanya kazi kama saa mbili asubuhi.

Pia tuta na taa ya barabarani vinaisaidia breki yenyewe. Rudi kwenye namba za Cicchino: usiku penye taa, faida ni asilimia 33, pasipo taa, hakuna. Nguzo ya taa inayowaka ndiyo iliyoibeba tofauti yote hiyo. Na barabara ambayo mwendo umeshushwa hadi kilomita 30 au 40 inalirudisha gari kwenye kipimo ambacho kompyuta inakimudu. Kwa hiyo mtu anayesema tusihangaike na matuta na taa kwa sababu magari ya kisasa yanakuja, anaondoa kitu ambacho hayo magari ya kisasa yanakihitaji ili yafanye kazi.

Kanuni ya Marekani inadai majaribio gizani, kwa taa za chini na kwa taa za juu, na naiombea ishinde. Hata hivyo magari yake yana usukani kushoto na hayatatufikia kwa wingi. Yatakayotufikia yanafuata kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 152 kuhusu breki hii, ambayo Japani inaitumia, na yanapimwa na mpango wa Kijapani wa JNCAP, ambao ulianza kupima breki kwa waenda kwa miguu mwaka 2016 na ukaongeza jaribio la usiku mwaka 2018. Alama za kila aina ya gari ziko wazi kwa umma. Shirika la viwango la Kenya na lile la Tanzania tayari yanadai cheti cha ukaguzi kwa gari linaloingia. Kwenye cheti hicho ningetaka kuona mistari miwili: gari hili linatambua watu au magari tu, na alama yake ya usiku ni ngapi. Ningetaka pia gereji inayobadilisha kioo chenye kamera ilazimike kumwandikia mwenye gari, kwa Kiswahili, kama imeipima upya kamera au haikuipima, ili ajue anatoka pale na gari linaloona au lisiloona.